Elfu Mbili za Mabatini

Mama alinifungia papa mkavu, kilo nne,
ndani ya gazeti, ndani ya mfuko, ndani ya shuka.
"Ukweni hakuendwi mikono mitupu."
Nikasema, mama, Mwanza kuna ziwa, samaki tele.
"Wa maji baridi hao," akasema. "Hawana hata chumvi."

Basi likakesha na papa wangu.
Dodoma, jirani alifungua dirisha.
Shinyanga, alihama kiti.

Kwandu alinielekeza kwa simu:
shuka Mabatini, tazama juu, nyumba ya bati la bluu
iliyokalia jiwe kama kuku anayeatamia.
"Mawe usiyaogope. Muogope bibi."
Baba hakumtaja.

Viatu vipya, soli laini kama sabuni.
Jiwe la kwanza nilipanda kwa miguu, la pili kwa magoti,
kwenye la tatu nikamkuta mzee, kaptura imechanika,
ndoo tupu ya saruji mkononi, amesimama wima
mahali ambapo mbuzi angefikiri mara mbili.
"Mwangaluka!" nikamwambia,
neno nililolikariri tangu Morogoro.
Ilikuwa saa kumi na moja jioni.
Akalitazama jua. Akanitazama mimi.
"Mwangaluka," akajibu, kwa huruma,
kama anayemrudishia mtoto mpira wake.

Nikamwomba anibebee mfuko. Akaubeba.
"Unanuka. Kuna nani humu?"
"Papa, mzee."
"Wa Roma?"

Mlima mrefu, nami mwoga, nikamwaga yote:
kwamba nimekuja kuposa,
kwamba baba mtu nasikia ni mkali, tena bahili,
kwamba Kwandu akicheka hufumba jicho moja,
na jicho hilo moja ndilo lililonipandisha basi.
Hapo mzee alisimama kidogo,
akahamishia mfuko bega la pili.

Mlangoni nikampa elfu mbili. "Ya soda."
Akaikunja mara nne, taratibu,
akazungukia uani.

Sebuleni alikaa bwana wa makamo, kalamu mfukoni.
Nikapiga magoti. Nikaitoa hotuba nzima,
pamoja na mahali nilipopanga kukohoa.
Alisikiliza hadi mwisho.
"Amina," akasema. "Mimi nimekuja kusoma mita ya maji."

Ndipo baba akaingia, ameoga, shati jeupe,
na noti mkononi. Niliijua kwa mikunjo yake.
"Mkali," akasema. "Tena bahili."
Mwanza nzima ni mawe,
lakini mle sebuleni halikuwamo hata moja la kujificha.

"Kabila gani huyu?" Bibi Nkwimba akauliza kutoka mkekani.
"Mzaramo," akajibu Kwandu,
jicho moja limekwisha kufumba.
"Mtani!" Bibi akapiga makofi.
"Mtu ananivunjia heshima ya mwanangu, kumbe mtani!
Luhende, kaa chini, tusi la mtani halina kesi.
Na wewe, vua viatu. Hivyo ni vyangu."
Nikavua. Vilimkaa kuliko mimi.

Papa akafunguliwa. Paka wa jirani wawili wakaja kushuhudia.
"Alikufa mwaka gani huyu?" akauliza Bibi.
Akaonja. Akanyamaza.
Akasogeza sahani ya michembe ipishe,
akaonja tena, sasa kwa mikono miwili.
Msoma mita naye hakuondoka.

Usiku baba alileta daftari la shule,
akaandika huku akisoma kwa sauti:
*Kondo, Mzaramo. Amelipa: elfu mbili.
Anadaiwa: ng'ombe kumi na wanane.*
"Saini."
Mkono ulitetemeka. Nikasaini nje ya mstari.

Asubuhi nilishuka mawe yale pekupeku,
Kwandu nyuma yangu, kanishika shati,
ziwa chini kule linang'aa kama sufuria iliyosuguliwa.
Nikapishana na mama wa maandazi,
na saa, safari hii, ilikuwa upande wangu.
"Mwangaluka!"
"Mwangaluka, mkwe," akaitika, hata beseni halikutikisika.
"Chenji yako ulirudishiwa?"