Mafiga Matatu

Kuku watatu walikuwa wanaatamia ndani yake
siku Ambokile aliponiita Ikuti nije nione.
Aliwatoa mmoja mmoja, kwa adabu,
kama mtu anayehamisha wapangaji,
akafuta kinyesi kiooni kwa kiwiko, akasema:
"Subilaga, hili lilitengenezwa kwa ajili yako
kabla hujazaliwa."

Gari la magurudumu matatu. Kiti kimoja.
Samawati iliyopauka kama sare ya mwaka wa tatu.
Mzungu wa misheni alikuja nalo, miguu imelala kama yangu,
akaondoka na magongo, akaliacha.
Usukani wa duara hakuna. Kuna mpini:
ukiupinda, unakata kona,
ukiuzungusha, mwendo unapanda,
ukiukandamiza, unasimama.
Chini, mahali pa pedeli, bati tupu.
Nililitazama lile bati muda mrefu.
Gari halikuuliza miguu yangu iko wapi.

Kazi ilikula masika mawili,
na mvua ya Tukuyu mnaijua:
ikija kusalimia inasahau kwenda kwao.
Pistoni tuliitoa kwenye pampu ya maji ya shamba la chai,
ikachongwa Mwanjelwa na fundi asiyezungumza kabla ya saa nne.
Kebo za breki, za bodaboda. Tairi la toroli lilikataa;
la bajaji likakubali.
Plagi ilitoa cheche Jumanne. Jumatano ikagoma,
tukashinda tunaitazama kama mgonjwa asiyetaka uji.
Kiti nilishona mimi, kaki iliyobaki ya kaptura za darasa la tano,
mishono miwili miwili, cherehani ya mkono,
maana mkono ndio nilio nao.

Mama alipita kila jioni na ndizi zake kichwani.
"Mafiga ni matatu," alisema, "na chungu hakianguki."
Ambokile, kichwa kimezama kwenye injini:
"Chungu hakikati kona, mama."

Trafiki alilizunguka mara mbili.
Bajaji? Hapana. Pikipiki? Hapana. Gari?
Akajikuna kidevu kwa kalamu.
"Andika chombo cha moto," nikamwambia.
Akaandika.

Jumamosi ile ukungu ulikuwa haujaupandisha mlima Rungwe.
Nikavuta mpini wa kuwashia. Likakohoa. Likakohoa tena,
kisha likaanza kusema lugha yake, tetetetete,
kama mashine ya kusaga iliyomtoroka mwenyewe.
Watoto walikimbia nyuma hadi kona ya kwanza ya chai.
Pale gurudumu la kulia likainuka kidogo, likafikiri,
likarudi chini. Nikacheka peke yangu.

Peke yangu.
Sijawahi kuwa peke yangu barabarani.
Siku zote kumekuwa na mgongo wa mtu,
bega la mtu, mikono ya mtu nyuma ya kiti changu,
pumzi ya mtu ikiuhesabu mlima kwa niaba yangu.

Mama nilimkuta karibu na daraja,
mkungu kichwani, anapanda.
Yeye aliyenibeba hadi darasa la saba,
kilomita tatu, mwavuli ameubana kwa kidevu.
Nikasimama. Akachungulia ndani.
Kiti kimoja.
Tukatazamana, injini ikitutetemeshea maneno.
"Lete ndizi," nikasema.
Akautua mkungu, tukaubana kati ya mlango na goti langu,
goti ambalo leo limepata kazi.
Akabaki na ngata mkononi, hajui aiweke wapi.
"Ndaga," akasema, akanipungia niende
kwa mkono uleule wa kufukuzia kuku.

Nikaenda polepole kuliko ilivyolazimu.
Kwenye kioo cha pembeni alikuwa mdogo,
shingo bado ameikaza,
anajifunza kutembea bila mzigo.