Kudunda Hewa

Newala, saa kumi na nusu, jua bado lina meno.
Mpira mmoja. Wachezaji kumi na saba.
Kocha Nandonde, karani wa mizani kwenye chama cha msingi,
anatupanga mistari miwili juu ya udongo mwekundu
na kusema, "Dundeni."
Tunadunda hewa.

Mtu mwenye baiskeli ya madumu anashuka, anatazama
watoto kumi na sita wakiupapasa utupu kwa viganja
na mmoja tu mwenye kitu mkononi.
"Wamepandwa na nini hawa?"
"Wanajifunza," kocha anajibu, wala hageuki.

Zamu yako ikifika, mpira ni mzito kuliko ulivyouota.
Una midundo ishirini, basi.
Wa ishirini na moja ni wa Siwatu.
Ukiiba mmoja, kocha anajua:
aliyeshinda kutwa akipima magunia ya watu
hadanganywi na kiganja.
Na upande wa bondeni hatukabi kwa nguvu,
maana mpira ukivuka pale unakwenda zake Shimo la Mungu
na kesho tutakuwa kumi na saba wa hewa tupu.

Bibi alikuja mara moja.
Aliitazama pete aliyoichomelea Mchopa
kwa nondo za nyumba isiyokwisha,
akauliza tunaiitaje.
Kikapu.
"Kikapu kisicho na kitako?
Miaka hamsini naokota korosho,
kikapu kikitoboka tunakiziba. Ninyi mnashangilia!"
Akacheka hadi akashika mbavu,
lakini hakuondoka mpaka filimbi ya mwisho.

Novemba mikorosho ikamwaga, mistari ikapungua.
Kumi na saba. Kumi na moja. Sita.
Kocha hafuti jina la mtu,
anaandika pembeni mwa daftari: shambani.
Hamza, shambani. Siwatu, shambani.
Mimi, shambani,
na huko, kila korosho niliyoinyofoa kwenye bibo lake
niliirusha kikapuni kwa bibi, kile chenye kitako,
kiwiko ndani, magoti yakikunja kidogo,
kiganja kikilala mwishoni kama shingo ya bata.
"Unachezea ada yako ya shule," mama akasema.
Siku ya kwanza nilikosa thelathini na moja,
nikaziokota zote mara ya pili.
Siku ya nne, tisa.

Machi tukashuka Mtwara mjini, juu ya magunia matupu,
kwenye uwanja wa saruji wenye mistari ya rangi.
Hakuna aliyetuambia habari za saruji.
Udongo wa kwetu humeza nusu ya kila mdundo;
saruji ilirudisha wote, na riba.
Mpira ukanipiga kidevuni, jukwaa likafurahi.
Tulifungwa hamsini na mbili kwa kumi na moja.
Katika hizo kumi na moja, mbili ni zangu,
nitazisimulia nikiulizwa
na nisipoulizwa.

Baada ya mechi kocha wao alimfuata wetu,
kitambaa shingoni, akininyooshea kidole:
"Yule mfupi, mbona akidunda hautazami mpira?"
Nandonde akafikiri, kama anayesubiri mshale wa mizani utulie.
"Hakuwa na wa kuutazama."

Wakatupa mpira wao mmoja wa zamani,
umekwanguka, una kipara kama cha babu yake Hamza.
Sasa tuna miwili.
Kumi na wanne wanadunda hewa.

Kumi na wanne, si kumi na watano.
Msimu umekwisha, mnada wa mwisho umepita,
magunia yameondoka,
na pembeni mwa jina la Siwatu bado imeandikwa: shambani.
Kocha hakuongeza neno, nasi hatukuuliza.
Ila nikifikisha ishirini
nausimamisha mpira, naunyoosha pembeni,
pale anaposimama yeye,
nahesabu kimoyomoyo mpaka ishirini nyingine,
ndipo nampa Hamza.