Kisanduku cha Nne

Alitoka La Paz na karatasi zake, mwezi wa Julai,
akatukuta tunakanyaga viazi vilivyoganda usiku,
miguu mitupu, maji baridi yakitupenya vidoleni.
Akaketi juu ya gunia.

Nyumba ina vyumba vingapi?
Kimoja, na jiko.
Paa ni bati au nyasi?
Nyasi upande huu. Upande ule bati,
alilonunua Saturnino mwaka ule wa mgodini.
Kisanduku cha nusu kwa nusu hakikuwepo.
Akaandika nyasi.

Lama wangapi? Kumi na mmoja.
Sikumwambia watatu ni wa kaka yangu, nawachunga tu.

Kisha, bila kuinua macho: Je, wewe ni maskini?

Hilaria alicheka, akaficha meno kwa ncha ya shali.
Nami nikacheka.
Maskini, mwanangu, tuko wote hapa,
kama tulivyo wote chini ya mlima huu.
Maskini humuuza kondoo kabla hajanona,
maana daftari la shule halingoji.
Maskini huongeza maji kwenye supu
akapata bakuli la mgeni.
Hilo ulilolishika.

Lakini vuka mto, kamuulize Fortunato.
Ana ng'ombe sita, ana redio,
wanawe wamehamia mbali, hawarudi hata kwa mazishi.
Mavuno yaliyopita alichimba peke yake siku ishirini.
Tulimwona kutoka huku. Tulikuwa na vyetu vya kuchimba.
Hilo nalo liandike.
Wazee wetu walikuwa na neno moja
kwa mkata na kwa yatima;
hawakuona haja ya la pili.

Mimi? Mimi nilikuwa maskini siku moja.
Nilibisha kwa Melchora kukopa chumvi, mara ya nne mwezi ule,
na mbwa wake hakubweka.
Alikuwa amenizoea.
Siku nyingine zote nimekuwa na shida tu.

Akatia alama kisanduku cha nne.
Sijui kusoma, ila niliuona mkono wake:
ulikwenda haraka, kama wa mtu anayefunga mlango
upepo usiingie.

Nikamfungia viazi vikavu kwenye mfuko wa nailoni.
Alikataa mara mbili. Ya tatu akapokea,
akaangalia fomu, akaangalia mfuko,
hakujua auandike wapi.

Nikarudi kukanyaga. Jua lilikuwa limeshapanda,
na viazi vikishayeyuka
havingoji mtu amalize mazungumzo.