Dakika Kumi na Nane

Siku ya nne sasa, na kibehewa cha kushoto bado kinagonga.
Ko. Kisha kimya. Kisha ko,
palepale katikati ya mlima,
kama mtu aliyesahau ufunguo, anabisha kwa haya.

Edelmira Cárcamo amekwisha kukifungua mara tatu.
Magurudumu, beringi, bolti moja moja
amezipanga juu ya gazeti kama meno ya mtoto.
Zote nzima. Akazirudisha. Kikapanda. Ko.

Chini, langoni, Valparaíso inapanga foleni na kunung'unika:
mama na mfuko wa viazi, mwanafunzi na fidla yake,
mzee anayehesabu ngazi mia na sitini na mbili kwa sauti
ili fundi asikie.

Saa nane mchana anavua glavu.
"Unakwenda wapi?" namwuliza, mimi mwanagenzi wake,
grisi mpaka kwenye kope.
"Kulala."

Anajinyoosha juu ya magunia nyuma ya mtambo,
kofia usoni, buti zikitazama dari.
Mimi nashika saa.
Dakika ya tano mkono unalegea.
Ya tisa, msimamizi Olguín anaingia, uso umemwiva;
kwake yeye, anayefumba macho kazini ni mwizi wa mshahara.
Ananyoosha mkono amtikise.
"Aliyelala usimwamshe," namnong'oneza,
na sijui ujasiri huo niliuokota wapi.
Anatoka, akikohoa kikohozi kisicho na mafua.

Ya kumi na nane: anakaa. Shavu lina chapa ya gunia.
"Kile kingine," anasema.
"Kipi?"
"Cha kulia. Tumekuwa tukimpima huyu homa
na anayetetemeka ni jirani yake."

Vibehewa viwili, kamba moja: hiki kikipanda, kile kinashuka.
Hata watoto wa mtaani hapa wanalijua hilo.
Ila siku nne tuliyaamini masikio,
na sauti ilikuwa ikisafiri kwenye kamba kama umbea.

Tulikwenda. Chini ya kibehewa ambacho hakikumkera mtu
pini imelika, fupi kama penseli ya mwisho wa muhula.

Sisemi usingizi una akili.
Huenda hauna. Huenda fundo huchoka tu
kuvutwa na mkono uleule.

Lakini kesho yake Olguín aliniita pembeni,
akaangalia viatu vyake,
akaniuliza yale magunia
tunayanunua wapi.