Sufuria Yangu Ijionee

Usicheke, Mudrik. Sufuria hii
nimeitoa Buguruni mpaka Kariakoo,
nimeifunga kwenye kanga,
ili ijionee yenyewe.

Haya, iweke juu ya kioo.
Umeona? Inacheza.
Miaka kumi na tisa ya mkaa
imeitia kibyongo kitakoni,
na jiko lako linataka vitako vilivyonyooka.

Sasa nionyeshe ugali.
Si kwa mdomo, shika mwiko.
Mimi nasonga wa watu tisa,
chini, sufuria nimeibana kwa unyayo,
jasho linanitoka.
Hapa juu nitaibana kwa nini?
Kioo kikipasuka, waranti inasemaje?
Soma. Nasubiri.

Kumbe ya Kichina.

Na luku? Umeme wa elfu tano
unaivisha maharage mara ngapi?
Umeangalia feni. Hata feni haijui.

Lakini linang'aa, sikatai.
Nimejiona humo na kilemba changu,
nikakiweka sawa.

Umezima. Wekundu umefifia, umekwisha,
ila kitaa kidogo pembeni
bado kinaonya: usiguse.
Hapo limenigusa mimi.
Marehemu mama alikuwa hivyo hivyo,
ukidhani amepoa, ukasogea.

Laki tisa siitoi leo.
Jumamosi narudi na mwiko wangu
na unga kilo mbili.
Nikisonga hapa hapa dukani, mbele ya wateja wako,
na kioo kikabaki kizima,
ndipo tukae, utaje bei ya kweli.