Stakabadhi ya Kondoo Kumi

Ndani ya kopo la chai la Bibi,
chini ya shanga na jino la utoto la mama yangu,
kuna karatasi iliyokunjwa mara nne:
Nyanzobe binti Gindu, mjane. Kondoo kumi.
Muhuri wa zambarau umefifia,
mwaka hausomeki.

Bibi hakuwahi kuwa na kondoo kumi.
Alikuwa na jembe, na nusu ya mtumbwi
(nusu nyingine ya shemeji yake, wasioongea),
na ua wa minyaa uliozunguka uwanja mtupu.

Amri iliwafikia kwa baiskeli.
Karani Lugwisha aliisimika kwenye jiwe,
akapangusa jasho, akasoma:
ardhi imechoka,
kila mji ubaki na kondoo kumi,
wanaozidi wapelekwe mnadani Jumatatu.
Ardhi yenyewe haikuulizwa imechoshwa na nani.
Mteremko wa majani marefu
ulikuwa umekwisha kupewa pamba.

Luhende alikuwa na arobaini na mmoja.
Mayunga ishirini na sita, mmoja kipofu.
Na kulikuwa na miji ya watu kama Bibi,
ambayo kwato haikuwahi kuchafua.

Usiku ule hakuna aliyewasha taa.
Kondoo walitembezwa kando ya ziwa,
kwenye mchanga mbichi usiopiga kelele,
mikia yao ya mafuta ikipiga mapaja, pwa, pwa.
Mbuzi waliachwa.
Mbuzi angetuuza, Bibi alisema,
lakini kondoo ukimshika sikio
anakufuata hata kwa adui yake.

Asubuhi Bwana Mifugo alishuka garini
akiwa na kofia na fimbo ya kuhesabia.
Kwa Luhende, kumi.
Kwa Mayunga, kumi, na kipofu akiwamo.
Kwa Sitta mseja, asiye na hata kuku, kumi.
Akauliza kwa nini hawana sufu.
Mkalimani akafikiri kidogo, akajibu: joto, Bwana.

Kwa Bibi, Lugwisha alisimama muda mrefu.
Mama yake alizaliwa nyuma ya kilima kile;
alijua masikio yaliyokatwa pembe mbili ni ya nani.
Akamtazama kondoo. Akamtazama Bibi.
Bibi akaendelea kupepeta mtama.
Karani akachovya kalamu,
akaandika unavyosoma hapa.

Wenyewe walirudi kuchukua mali zao gizani,
wakakuta jike la Luhende limezaa
karibu na jiko, juu ya kanga ya Bibi.
Luhende akamnusa mtoto, akamwacha.
Aliyezaliwa kwako, alisema,
mimi sikumhesabu, na Serikali haikumhesabu.

Ila daftari halina usiku.
Mwezi wa sita tarishi akaleta deni:
kodi ya kondoo kumi, senti kumi kila kichwa,
mjane Nyanzobe alipe mwenyewe barazani.

Hakuitisha mkutano. Hakulia mlangoni kwa mtu.
Alfajiri alikuta uzi wa katani
umening'inizwa kwenye minyaa,
umetungwa senti za tundu.
Akazihesabu. Kumi na moja.
Akazihesabu tena akiwa ameketi. Kumi na moja.

Alilipa kumi, akapewa karatasi.
Na ile iliyozidi akaizungusha kijijini:
Luhende akasema si yangu.
Mayunga akasema si yangu, muulize kipofu.
Sitta akacheka mpaka akakohoa.
Watu walewale waliokuwa wameapa mbele ya Bwana
kwamba kondoo wasio wao ni wao
sasa hawakumjua mwenye senti moja.

Mama yangu alisoma kwa vizazi vya yule mwanakondoo,
darasa la kwanza hadi la nne, halafu kiangazi kikawamaliza.
Bibi alikufa akidaiwa, kwa hesabu yake.
Mwaka jana nilipita Nassa. Mji wa Mayunga haupo,
minyaa imebaki, imekuwa miti.

Senti ipo. Tundu lake limeziba uchafu
na mafuta, nadhani, ya mkia.
Sijalizibua.