Milimita Mbili

Jumanne, saa tatu kasoro, lori limeingia ghala la Njoro
na mabomba mia na ishirini ya inchi nne, meusi,
yenye mstari wa bluu kama mshono wa sare ya shule.
Dereva anataka sahihi, aondoke jua halijakaza.
Mimi nataka kalipa yangu.

Wananicheka kwa hiyo kalipa.
Hulala kwenye droo, imeviringwa flaneli,
pamoja na rozari ya mama na vidonge vya presha.
Ni ya marehemu Ndetaulwa, aliyeniachia funguo za ghala
na maneno manne tu: Pima kabla ya kushukuru.

Nikapima.
Mkataba unasema ukuta wa bomba ni milimita nane.
Kalipa inasema sita.
Nikafuta miwani. Nikapima la pili, la saba,
na lile la chini kabisa, linalopangwa ili mkono usilifikie.
Sita. Sita. Sita na unywele.

Mzabuni ni Foya.
Foya aliyemshika mwanangu ubatizoni Kiboriloni,
Foya ambaye Krismasi aliniletea ubavu wa mbuzi
mbele ya ukoo mzima, kwa mikono miwili.
Karatasi zake hazina kasoro: leseni, mlipakodi, dhamana ya benki,
zimegongwa mihuri hadi zinanuka wino.

Akapiga simu kabla sijashika kalamu.
"Mama Eliaichi, milimita mbili ni kitu gani?
Ukucha wako wenyewe unazidi."
Nikautazama ukucha.
Kweli, unazidi.

Lakini, Foya, maji ya mlimani hayashuki kwa adabu.
Usiku, Pasua nzima ikishafunga koki na kulala,
msukumo wote hugeuka kuegemea ukuta,
unaegemea, unaegemea,
kama mdai anayejua kwamba umo ndani.

Na mimi si mtakatifu, usidhani.
Mwaka ule bomba la Majengo lilipopasuka,
siku nne barabara ilikuwa mto na mabomba ya nyumbani makavu,
alikuja hapa mama mmoja muuza maandazi,
mikono ina unga hadi viwiko,
dumu moja kalinunua kwenye mkokoteni kwa faida ya kutwa.
Hakufoka. Aliuliza tu:
"Nani alilipokea?"
Nikafungua leja kana kwamba natafuta.
Sahihi ilikuwa yangu, nzuri, yenye mkia.

Basi leo nimeandika: HAYAKUPOKELEWA.
Nimeandika kwa herufi kubwa ili mkono usitetemeke.

Hapo ndipo kijana mmoja aliporuka kutoka juu ya mabomba,
kandambili moja ya kijani, nyingine nyekundu,
viganja vimechunika kwa kamba.
Wenzake watatu wakabaki juu, wananitazama.
"Mama, na sisi? Foya alisema tutalipwa mkishapokea."

Zipo kurasa kumi na tisa za masharti ya mzabuni.
Ukurasa wa kumi na moja unasema buti, glavu,
ujira kila Ijumaa, mapokezi yawepo yasiwepo.
Tuliupigia makofi kikaoni, tukanywa soda.
Hakuna aliyeniambia nikaupime kwa kifaa gani.

Fomu ya mapokezi ina visanduku sita.
Idadi. Kipimo. Rangi. Tarehe. Hali. Sahihi.
Nimelikunja jina la kijana pembezoni, kwa wima,
Elinami, na ya wenzake watatu,
na kiasi wanachodai, na saa waliyofika,
nikaligonga muhuri ule ule wa ghala, ukamezwa nusu na ukingo.
Sijui mezani kwa mhasibu atalisoma nani.

Lori limerudi barabarani na mzigo wake.
Foya hatakuja Krismasi hii, najua,
na mwanangu ataniuliza baba yake wa ubatizo yuko wapi.
Nimeifuta kalipa, nikaiviringa.
Ukucha nimeukata.